Tasnifu za meno zisimsahau mwenye meno

Tangu mafunzo ya udaktari wa meno yalipoanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, vizazi kadha wa kadha vya madaktari vimepitia humo. Kabla ya kufuzu, mwanafunzi hutakiwa kufanya utafiti katika jamii na kuuandikia tasnifu. Hospitali ya meno ya chuo hicho iko katika barabara ya Argwings Kodhek, na kutoka hapo hadi Kibera au Kawangware ni mwendo wa kilomita chache tu. Si ajabu basi kwamba mitaa hiyo, yenye shule tele na wakazi wengi wasio na uwezo wa kumwona daktari wa meno, ni darasa lililo karibu mno na chuo.

Mimi si mganga. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, wanafunzi wa fani hiyo wamewahi kuniomba niwasahihishie hojaji zao za Kiswahili. Mmoja alikuwa ameandika, "Je, una mashimo?" Alitaka kumuuliza mtoto iwapo ana meno yaliyotoboka. Tulicheka sote, kisha tukasahihisha. Lakini kicheko kilipokwisha nilibaki na swali: baada ya mtoto huyo kujibu, jibu lake huenda wapi?

Tuutazame muundo wa tasnifu yenyewe. Huanza kwa ikisiri, kisha utangulizi, mapitio ya maandishi, malengo, mbinu, matokeo, mjadala na hatimaye mapendekezo. Baada ya hapo huja marejeleo na viambatisho. Mpangilio huu una asili yake. Katika karne ya ishirini majarida ya tiba yaliuzoea taratibu, na mwaka 1978 wahariri wa baadhi ya majarida hayo walikutana mjini Vancouver, Kanada, wakakubaliana juu ya kanuni za pamoja za uandishi. Sina ugomvi nao. Humwezesha msomaji wa Nairobi kuilinganisha kazi yake na ya mwenzake wa London. Vivyo hivyo kipimo cha kuhesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa na yaliyozibwa, kilichobuniwa Marekani katika miaka ya 1930, hutumika hadi leo kwa sababu wataalamu wanakielewa kwa namna moja.

Tatizo ni kwamba kila sura ya tasnifu humwelekea mtahini. Kiswahili ndicho kilichomfungulia mwanafunzi mlango Kibera. Kwacho aliomba idhini ya mzazi, na kwacho aliuliza maswali. Lakini ukikitafuta ndani ya tasnifu utakikuta nyuma kabisa, viambatishoni, katika fomu ya idhini na hojaji. Katika sura ya matokeo, mtoto aliyesema kwamba jino humuuma usiku amekwisha kuwa tarakimu katika jedwali. Sura ya mapendekezo nayo huwashauri wazazi wa Kawangware wawapigishe watoto mswaki mara mbili kwa siku na wapunguze vitu vitamu, ilhali imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kuwekwa maktabani. Huo ni ushauri usiomfikia mshauriwa.

Jambo hili si la adabu tu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo ndilo mwongozo mkuu wa maadili ya utafiti wa tiba duniani, lilivyorekebishwa mwaka 2013 linataka washiriki wapewe nafasi ya kuarifiwa matokeo ya jumla ya utafiti. Nayo Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kumchukulia mtu maneno yake kwa Kiswahili na kumrudishia kimya ni kumlipa fadhila ya punda.

Napendekeza basi sura moja fupi, kurasa mbili zatosha, iandikwe kwa Kiswahili na iwekwe mbele, mara tu baada ya ikisiri. Mpangilio wake uwe kinyume cha ule wa mtahini. Mtahini hutaka kujua kwanza mbinu ndipo aamini matokeo. Mzazi hutaka kujua kwanza tulichokiona na la kufanya, ndipo aulize tulijuaje. Mathalani, maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, na floridi ikizidi huyatia meno ya mtoto madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mama anayemsugua mwanawe na kumkaripia kwa uchafu angefaidi kuambiwa hivyo katika sentensi ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Neno ukoga, yaani utando wa uchafu juu ya meno, na neno ugaga, yaani uchafu uliokwisha kuwa mgumu, yamo katika kamusi zetu tangu zamani. Wapo pia watakaosema kwamba muda ni mfupi na mtahini hasomi Kiswahili. Haya yana uzito. Lakini wanafunzi wa Kiswahili wapo katika chuo kicho hicho. Na washirikishwe, nao watapata zoezi la tafsiri lenye faida. Muhimu zaidi, sura hiyo itolewe alama, kwani kisichopewa alama hakiandikwi.

Kisha nakala ipelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule iliyofanyiwa utafiti, isomwe katika mkutano wa wazazi. Hapo ndipo tutakapojua iwapo tasnifu imeeleweka, maana wazazi wa Kibera na Kawangware hawatasita kuuliza.