Nzoia Sugar: Shida Si Kocha Peke Yake

Tuambiane ukweli, wadau. Nzoia Sugar yetu ya Bungoma ilishuka daraja 2024, na bado wimbo ni ule ule: kocha, kocha, kocha. Sawa, kocha ana makosa yake. Lakini atampanga mchezaji gani kama hana?

Na si eti vipaji hakuna. St. Anthony's iko hapa Kitale, Kakamega High ni jirani, shule zenye jina nchi nzima kwa soka. Vijana wakimaliza Form Four, wakali wote wanakimbilia Nairobi. Sisi tunabaki Sudi tukiulizana mbona hakuna mtu wa kufunga goli.

Na wakibaki, nani atawalipa? Timu imekuwa ikitegemea kiwanda cha sukari ambacho chenyewe kimedaiwa na wakulima na wafanyakazi miaka na miaka. Kiwanda kikikohoa, timu inalala na homa.

Shabiki anayepanda matatu Kitale, Kiminini, Webuye mpaka Bungoma anastahili vitu viwili: timu ya vijana inayochukua wachezaji wa shule zetu, na mdhamini mwingine mbali na kiwanda. Bila hivyo, hata mkileta Guardiola, tutalia naye.