Nyumbani na Madrasani: Draiva Ziwekwe Akiba Kabla ya Kompyuta Kufutwa



Mwezi huu twaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika ukurasa huu, nalo ni kompyuta. Zamani chombo hiki kilikuwa cha maofisini tu. Leo kimeingia majumbani mwetu na madrasani mwetu, na watoto wetu hukizoea kabla hawajajua kuwasha jiko la mkaa. Na kila kinachoingia nyumbani huja na adabu zake. Asiyezijua hupata khasara, na mara nyingine humtia mwenziwe khasarani, kama tulivyofanya sisi.

Huku kwetu Buhongwa, kando ya barabara iendayo Shinyanga, yuko mama mmoja jirani yetu, mjane, ambaye riziki yake na ya wanawe yatoka katika fremu ndogo ya steshenari. Ana kompyuta ya mkononi moja na printa moja. Huchapa barua, hutoa kopi, na ukifika wakati wa wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, huwatafutia katika mtandao fomu zao za kujiunga na kuwachapia. Majuma hayo machache ndiyo mavuno yake ya mwaka.

Msimu huo ulipokaribia, mama huyo alitujia akasema, “Ustadhi, mashine yangu imechoka. Nikiigusa leo, hujibu kesho.” Sisi tulikuwa tumekwisha kuifuta kompyuta ya madrasa mara moja na kuiwekea mfumo mpya, kazi ambayo mafundi huiita kupiga Windows, na ilitoka salama. Basi tukajiona tumekuwa mafundi. Tukamjibu, “Mama, dawa yake ni moja: ifutwe yote, ipigwe Windows upya.” Tulinakili barua zake na picha zake zote katika flashi, tukadhani tahadhari imekamilika. Baada ya sala ya Isha tukaifuta.

Usiku wa manane mashine iliwaka, safi na nyepesi, nasi tukalala kwa furaha. Asubuhi mama akaipeleka dukani. Alipotaka kuingia katika mtandao, alama ya Wi-Fi haikuwapo kabisa. Sauti haikutoka. Maandishi yalijaa kioo kwa ukubwa. Printa ikawa kama mgeni asiyejulikana. “Ustadhi,” akauliza, “mtandao umekwenda wapi?” Hatukuwa na jibu. Tulibofya huku na huku mpaka Adhuhuri. Wazazi na wanafunzi walifika na namba zao za mtihani zimeandikwa katika vijikaratasi, wakangoja kidogo, kisha wakaenda fremu nyingine. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo.

Siku ya tatu akapita kijana mmoja, zamani mwanafunzi wetu, ambaye sasa hutengeneza simu na kompyuta. “Shikamoo, Maalim. Mbona mmekaa kama mliofiwa?” Tukamweleza. Alitabasamu kidogo tu, kwa heshima. Akatoa simu yake na waya, akaunganisha simu na kompyuta, akaiamuru simu igawe mtandao kwa njia ya waya ule. Baada ya robo saa alama ya Wi-Fi ikatokea. Ndipo akasema, “Maalim, mliihifadhi mali ya mama, lakini funguo za mashine mlizitupa pamoja na takataka.”

Funguo hizo ndizo ziitwazo draiva, na tangu siku ile tumejifunza khabari zake kwa kijana huyo. Twawaeleza nanyi kama tulivyofahamu.

Kompyuta si kitu kimoja. Ndani yake mna sehemu nyingi zilizotengenezwa na makampuni mbalimbali: ya Wi-Fi pengine ni ya Intel, ya sauti ni ya Realtek, ya picha ni ya AMD. Kila sehemu ina lugha yake. Windows nayo ina lugha yake. Mfano wake ni mtu wa Pwani aliyefika kijiji cha ndani ya Usukumani akawakuta wazee wasiosema ila Kisukuma: wote ni wazima, wote wana akili, lakini pasipokuwa na mkalimani hawatauziana hata kuku. Draiva ndiyo mkalimani huyo. Ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuzungumza na sehemu fulani. Ikikosekana, sehemu ile haikuharibika. Imekaa kimya tu, kwa kuwa hakuna ajuaye kuiita.

Mtu atauliza: mbona mara ya kwanza madrasani tulifuta na kila kitu kikafanya kazi? Jibu ni kwamba Windows huja na wakalimani wake wengi, wa sehemu zilizoenea sana. Sehemu ikiwa miongoni mwa hizo, hutambuliwa hapo hapo. Isipokuwamo, Windows huenda kumtafuta mkalimani wake katika mtandao. Na hapo ndipo penye mtego. Ikiwa sehemu isiyotambuliwa ni ile ile ya Wi-Fi, basi draiva ya kukufikisha mtandaoni imo mtandaoni. Ni sawa na kufungia ufunguo wa chumba ndani ya chumba chenyewe. Bahati tuliyoipata kwa mashine ya kwanza tuliidhania kuwa ni ujuzi, tukaenda nayo kwenye mashine ya mtu mwingine.

Jambo hili lina uzito zaidi katika miaka hii. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali rasmi kila mashine. Hutaka, pamoja na mengine, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo wengi watakuwa wakifuta na kuweka upya, wengine Windows 11, wengine mfumo wa Linux. Twawasihi, kabla ya hapo, mfuate mambo haya matano.

Kwanza, tenganisheni mali na funguo. Barua, picha, hesabu za duka na masomo ya watoto ni mali. Zinakiliwe peke yake. Draiva ni funguo; nazo zinakiliwe peke yake. Kuhifadhi moja si kuhifadhi ya pili.

Pili, tafuteni flashi yenye nafasi. Ya GB 16 mara nyingi yatosha. Fungueni ndani yake folda mpya, muiite draiva. Kisha katika kompyuta andikeni cmd mahali pa kutafutia, bofyeni kwa kitufe cha kulia juu ya Command Prompt itakayotokea, mchague “Run as administrator”. Ikiwa flashi yenu imepewa herufi E, andikeni maneno haya bila ya kubadili hata nukta, kisha mbofye Enter:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Amri hii imo katika Windows 10, tangu toleo lake la mwaka 2016, na katika Windows 11. Hailipiwi, wala haihitaji mtandao. Hukusanya draiva zote zilizoongezwa katika mashine hiyo, kila moja katika folda yake. Zile ambazo Windows huja nazo haizichukui, kwa kuwa zitarudi zenyewe.

Tatu, hakikisheni. Fungueni folda ile muone folda nyingi ndani, na katika kila moja faili lenye jina linaloishia kwa herufi inf. Kisha ichomeni flashi katika kompyuta nyingine muone kama yasomeka. Akiba isiyokaguliwa ni kama mtungi uliofunikwa: hujui una maji au hauna mpaka kiu ikushike. Wala msiiache akiba hiyo katika diski ile ile itakayofutwa.

Nne, chukueni pia draiva ya Wi-Fi kutoka katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, kama Dell, HP au Lenovo, mkiitafuta kwa namba iliyobandikwa chini ya mashine. Hii ni akiba ya akiba. Jihadharini na programu za watu wasiojulikana zinazojitangaza kuwa zitawaletea draiva zote kwa mara moja. Nyingi huingia pamoja na mizigo msiyoiagiza. Na kwa baadhi ya kompyuta za mkononi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, yawezekana wakati wa kuweka Windows diski isionekane kabisa. Msistuke mkadhani imekufa. Yataka draiva ya Intel iitwayo RST, iwe tayari katika flashi, imekwisha kufunguliwa kutoka katika kifurushi chake.

Tano, angalieni aina ya mfumo. Draiva za mfumo wa biti 32 hazifanyi kazi katika mfumo wa biti 64. Windows 11 yote ni ya biti 64. Draiva za Windows 10 ya biti 64 mara nyingi hukubalika katika Windows 11. Lakini anayehamia Linux asichukue draiva za Windows akidhani zitamfaa. Linux ina zake, na nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe.

Mashine ikiisha kufutwa na kuwekwa upya, funguo hurudishwa kwa njia ile ile ya Command Prompt, kwa maneno haya:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Kisha mashine izimwe na kuwashwa tena. Printa huenda ikataka kuongezwa upya katika orodha ya printa, na baadhi ya programu za kurekebishia sauti zitataka kuwekwa tena, kwa kuwa hizo ni programu za kawaida wala si draiva. Illa yaliyo ya lazima yatakuwa yamerudi.

Na yule ambaye amekwisha kuingia mtegoni kama sisi, afanye nini? Ajaribu waya wa simu, kama alivyofanya kijana wetu. Simu za Android mara nyingi hutambuliwa bila ya draiva nyingine. Au atumie waya wa mtandao wa kawaida, ikiwa mashine ina tundu lake. Vikishindikana vyote, afungue mahali paitwapo Device Manager, aitafute sehemu yenye alama ya manjano, atazame sifa zake katika ukurasa wa “Details”, mahali pa “Hardware Ids”. Ataona herufi VEN zikifuatwa na tarakimu. VEN_8086 ni Intel. VEN_10EC ni Realtek. Hapo amekwisha kuujua ukoo wa sehemu ile, na anaweza kwenda kwa jirani mwenye mtandao akaitafuta draiva yake kwa jina, badala ya kubahatisha.

Wasomaji wetu, yote haya hayachukui nusu saa. Sisi tuliiona nusu saa hiyo kuwa ndefu, na mama yule akapoteza siku tatu za mavuno yake. Hakutulaumu hata kidogo. Alisema tu, “Ustadhi, kodi ya fremu hainisubiri.” Neno hilo lilituingia kuliko lawama. Tumesoma na kusomesha kwamba mwenye kutibu hali si tabibu, akidhuru, dhamana ni yake. Hatukudhani kwamba jambo hilo litatukuta katika kompyuta. Basi tulipiga hesabu ya siku tatu pamoja naye, tukampelekea fedha. Alizipokea, akazihesabu, akashukuru. Hakusema “si kitu, Ustadhi”, wala haikumpasa kusema, kwa sababu kilikuwa ni kitu.

Kijana wetu alikwisha kutoa nakala ya draiva za mashine ile baada ya kuitengeneza. Flashi hiyo mama ameifunga katika karatasi, ameandika juu yake jina la mashine na tarehe, ameiweka katika kopo moja na leseni yake ya biashara. Nasi tulipoifuta tena kompyuta ya madrasa, tulianza kwa nusu saa ile. Kazi ilikwisha kabla ya Alasiri, na watoto waliporudi darasani walisikia sauti yake kama kawaida, hata hawakujua kama palifanyika jambo.

Basi mtu akiwajia na mashine yake akisema imechoka, msiharakie kuifuta. Mwulizeni kwanza, “Funguo zake zimewekwa wapi?” Na mkiwa hamjui kuzitoa, mwambieni hamjui, mumpeleke kwa ajuaye.

Wassalaam.