Ngoma Haifi kwa Kukosa Jukwaa

Kuna dai ambalo limekaririwa katika idara za fasihi nchini Kenya hata likafanana na ukweli, nalo ni kwamba sanaa za jadi zimeokolewa na shule. Wanaolishikilia hutoa ithibati mbili. Mosi, fasihi simulizi imo katika silabasi na hutahiniwa. Pili, Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927, huwakutanisha wanafunzi wanaocheza ngoma za jamii mbalimbali. Dai hili linafariji, lakini halina mashiko.

Mfano wa isukuti unatosha kulivunja. Mwaka 2014, UNESCO iliiorodhesha ngoma hii ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Watendaji wake wengi ni wazee wasio na warithi. Fedha na vifaa ni haba. Hata hivyo, isukuti si ngoma iliyofichika. Wanafunzi huicheza mashindanoni na wanasiasa hulakiwa kwayo. Iwapo jukwaa linatosha kuihifadhi sanaa, mbona ngoma iliyozoea jukwaa kiasi hiki ikafikwa na hali hiyo?

Jibu limo katika maana ya ngoma yenyewe. Isukuti, pamoja na ngoma zake tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, huandamana na kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi na mazishi. Msibani hakuna mtazamaji: kila aliyefika ama anaitikia, ama anacheza, ama analia. Mashindanoni, mtoto huelekezwa kwenye meza ya waamuzi na muda wake umehesabiwa. Anachofunzwa ni hatua za miguu. Hafunzwi ni nani mwenye haki ya kuianzisha ngoma, ni lini hunyamazishwa, wala jinsi inavyochongwa na kuwambwa.

Darasani mambo si afadhali. Mwanafunzi hukariri fasili, sifa na dhima. Anaweza kuorodhesha dhima tano za nyiso ilhali hajapata kumsikiliza manju hata mmoja. Lawama hii isitupiwe mwalimu wa shule peke yake, kwani alifunzwa hivyo chuoni. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walidai kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo simulizi, iwekwe kitovuni. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukukamilika: masimulizi yaliingia chuoni yakiwa matini, na msimulizi akabaki langoni.

Itajibiwa kwamba mtoto wa mjini hana kijiji cha kukirudia, hivyo shule ndiyo tegemeo lake la pekee. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo hasa inayoihukumu shule. Huko Lamu, ufundi wa kuchonga milango ya nakshi hurithishwa kwa uanagenzi. Mwanagenzi hushika patasi kando ya fundi wake, na kosa lake huonekana kwenye mlango utakaofunguliwa na watu kila siku. Hiyo ni elimu ya sanaa kamili. Ina hatua, ina viwango na ina wahitimu. Inachokosa ni cheti tu. Ni dhuluma basi kumwita fundi huyo "mhojiwa" na kumwita "msomi" aliyemhoji kwa siku tatu.

Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, nao umezipa sanaa nafasi. Nafasi hiyo itabaki kiti kitupu iwapo manju na fundi hawatakalishwa juu yake, walipwe kama walimu na wawatahini wanafunzi kwa vigezo vyao wenyewe. Tasnifu za fasihi simulizi nazo zisomwe mbele ya jamii zilizozizalisha kabla ya kutunukiwa shahada.

Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa hupenda kunukuliwa na wasomi wanapowakemea vijana. Lakini kijana hawezi kuacha asichowahi kupewa. Waliokabidhiwa dhamana ya kumpa ndio wanaopaswa kuulizwa walikiacha wapi.