Wasifu wa Mama Uandikwe Angali Hai

Ndugu wananchi wa Bugarama, na ninyi majirani zetu wa Kakola, Kahama na Geita, karibu kila mtaa katika ukanda huu wa dhahabu una mama aliyetoka mbali. Alishuka kwenye basi akitokea Kigoma, Singida, Mara au Kagera, mtoto mgongoni na sufuria kwenye kiroba. Wengine walifika enzi za maduara ya wachimbaji wadogo pale Bulyanhulu, kabla ya mwaka 1996. Wengine walikuja mgodi mkubwa ulipoanza uzalishaji mwaka 2001.

Je, unamfahamu wa mtaani kwako? Unalijua jina lake, au unamwita tu kwa jina la mwanawe wa kwanza?

Msibani huwa tunasomewa wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki. Rambirambi zinatangazwa, na mara nyingi mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Kule wanajua alikozaliwa. Huku tunajua alivyoishi. Nani atakayeziunganisha habari hizo mbili?

Hebu tukumbuke kazi za mama huyu. Kijana wa machimboni akizidiwa na malaria, hana ndugu hapa, nani alimpelekea uji zahanati? Kabla serikali haijaanza kutoa bure dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani, na mara nyingi waliowaogesha na kuwalisha walikuwa akina mama. Leo wapo wazee ambao vifua vyao vimeharibiwa na vumbi la mawe au kifua kikuu. Nani anawahesabia vidonge asubuhi? Mama huyohuyo jioni anatuma pesa kwa simu, ili mama yake aliyebaki kijijini naye apate dawa.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Mamilioni ya Wafilipino wanafanya kazi ng'ambo, na miongoni mwao wapo akina mama wengi wanaolea watoto na wazee wa watu wengine huko Hong Kong na nchi za Ghuba. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino wa Ufilipino aliwaambia watumishi wa nyumbani waliokuwa Hong Kong kwamba wao ni mashujaa wapya. Akina mama wetu wa Bugarama wengi hawakuvuka bahari, lakini nao waliacha kwao, wakatulea. Je, tungoje rais aje kuwashukuru kwa niaba yetu?

Tuanzie nyumbani. Jumapili moja, mkishakula, chukueni daftari mkae na mama. Mwulizeni: ulifika huku mwaka gani? Ulifikia kwa nani? Ulimuuguza nani? Ulimlea nani asiyekuwa wa kumzaa? Mtoto wa sekondari aandike, mwingine arekodi kwa simu. Kama anasimulia vizuri zaidi kwa Kiha au Kinyiramba, mwacheni aseme hivyohivyo. Nakala moja ipelekeni kwao.

Baba, mama anaposimulia, nani anaosha vyombo? Chukua zamu. Kijana, kachote maji. Mzee mgonjwa akilishwa na mwanawe wa kiume hapungukiwi kitu.

Na dada wa kazi aliye nyumbani kwako? Naye ni binti wa mtu, ametoka mbali akulelee watoto wako. Umemwuliza wazazi wake wanaendeleaje? Ana siku ya kupumzika?

Kazini nako tuna nafasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na vivyo hivyo akifiwa na mzazi au mwenzi. Lakini sheria hiyo haikutaja kumuuguza mzazi. Basi wewe msimamizi wa zamu, mwenye karasha au mwenye duka, mtu akikuomba siku mbili ampeleke mama yake hospitali, huwezi kupanga naye? Afadhali apate siku za kumhudumia akiwa hai kuliko kusubiri za kumzika.

Viongozi wa vikoba, wa misikiti na makanisa, walimu wetu, tengeni dakika chache kila mwezi habari za mama mmoja zisimuliwe mbele ya watu, naye akiwa ameketi pale. Haihitaji bajeti wala mgeni rasmi.

Ndugu zangu, mwezi huu kila kaya ianze na mama mmoja. Mkimaliza kuandika, msomeeni yeye mwenyewe, aongeze mlichosahau na kurekebisha mlipokosea. Nani mwingine anayeijua habari hiyo kuliko yeye?