Urefu wa Darubini ya Mpimaji Haupimwi kwa Tepu

Kwenye saiti za Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi Dunga, kuna maneno kuhusu levo ya mpimaji ambayo fundi humrithisha kibarua bila kuyachunguza. Nyumba hujengwa kwa maneno hayo, kisha masika yanaingia na maji yanapita sebuleni.

Wanasema urefu wa darubini ya levo upimwe kwa tepu kutoka ardhini. Si kweli. Ardhi iliyo chini ya miguu mitatu ya levo haihusiki. Tuseme benchimaki, yaani alama yenye urefu unaojulikana, iko mita 1,137.250 juu ya usawa wa bahari na stafu, ile fito yenye vipimo, iliyosimama juu yake inasoma 1.460: mstari wa kuonea uko 1,138.710. Hamishia stafu sakafuni, ikisoma 1.185, sakafu iko 1,137.525. Ungeiweka darubini juu zaidi kwa sentimita 20, namba zote mbili za stafu zingeongezeka sawasawa na jibu lingebaki lile lile.

Wanasema kiputo cha levo kikitulia katikati, kazi imekwisha. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kiputo hutulia na mstari bado umeinama, hasa kwa chombo kilichorushwarushwa kwenye bodaboda. Piga vigingi viwili, mita 60 kati yao, weka levo katikati kabisa, upate tofauti ya urefu. Hapo kosa hujifuta kwa kuwa pande zote ziko sawa. Kisha isogeze karibu na kigingi kimoja, usome tena. Tofauti ikibadilika, chombo kirekebishwe kwanza. Na kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, miguu huzama taratibu huku unaandika.

Wanasema tupimie maji ya Ziwa Victoria. Ya mwezi gani? Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, juu ya rekodi ya 1964, na ufuo wa Dunga ukafurika. Wala namba hiyo si kina. Huhesabiwa kutoka sifuri ya kipimo chenyewe, ilhali ziwa lina kina cha mita 80 hivi mahali penye kina kirefu zaidi.

Wanaodharau mpira wa maji wa kupimia usawa nao wanakosea. Usipokuwa na mapovu ya hewa, unatosha kwa chumba.

Mwenye nyumba, kabla zege halijamwagwa omba daftari la vipimo. Kama mpimaji hakurudi kusoma benchimaki mwishoni, sitisha zege.