Wanataka Testa Mwenye Shauku. Shauku ya Nini?



Fungua tangazo lolote la kazi ya teknolojia hapa Nairobi na hutasoma mbali kabla ukutane na lile neno: shauku. "Tunatafuta kijana mwenye shauku." Fundi wa stima haulizwi kama anapenda waya. Dereva wa matatu haulizwi kama moyo wake unaruka akiona usukani. Lakini sisi watu wa kompyuta, hasa sisi matesta, tunaulizwa shauku kwanza, halafu mambo ya mshahara eti tutaongea baadaye.

Nimekuwa testa kwa miaka mitatu sasa, na nina maoni. Hii kazi inahitaji shauku, sitakudanganya. Lakini sio ile shauku wanaandika kwa tangazo. Mimi niliingia nikiwa na ile ya tangazo, na mama mmoja ndiye alilipia makosa yangu.

Kwanza kwa wale hawajui: testa ni nani? Kabla apu ifike kwa simu yako, kuna mtu kazi yake ni kuisumbua. Anaandika herufi mahali pa namba. Anazima data katikati ya malipo. Anabonyeza "Tuma" mara tano kama mtu amekasirika. Anatafuta wadudu, yaani zile sehemu programu inakosea, kabla wewe ukutane nao. Tangu 1979 Glenford Myers alipotoa kitabu chake kuhusu sanaa ya kujaribu programu, matesta wameambiwa kitu kimoja: usijaribu ukitaka kuonyesha kwamba programu inafanya kazi, jaribu ukitaka kupata makosa. Ukiingia ukitaka iwe sawa, utaiona iko sawa. Macho ya binadamu ni hivyo.

Sasa hadithi yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa kampuni ndogo, jina nitaliacha. Walikuwa na apu ya kusaidia wenye vibanda kuchukua bidhaa kwa mkopo. Unapewa viazi na vitunguu leo, unalipa kidogo kidogo kwa simu kila jioni. Testa nilikuwa mimi peke yangu. Kwa intavyu nilijipiga kifua nikasema nimekuwa na shauku ya teknolojia tangu utotoni. Na sikuwa nadanganya. Nilipenda simu mpya, nilipenda video za kompyuta, laptopu yangu ilikuwa imejaa stika hadi huwezi jua ni ya rangi gani.

Ijumaa moja jioni nilikuwa najaribu sehemu ya malipo. Nikalipa, pesa ikatoka, lakini apu ikasema malipo yameshindwa. Deni likabaki vile lilikuwa. Nikarudia, ikakubali. Nikarudia tena na tena, mara arobaini hivi, zote zikakubali. Nikamwita msanidi mmoja aone. Akacheka kidogo. "Hiyo ni mtandao tu, bana. Itamfanyikia nani?" Toleo jipya lilikuwa linatoka usiku huohuo. Nje matatu zilikuwa zimeanza kupandisha nauli. Nikaandika "haijirudii", nikafunga ripoti, nikaenda nyumbani.

Wiki tatu baadaye, mama mwenye kibanda Kawangware alifika ofisini. Alikuwa amefungiwa mkopo. Apu ilikuwa inasema ana deni la Sh1,850 na amechelewa kulipa. Alikuwa amepiga simu mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa mfumo hauwezi kukosea, labda amesahau. Kwa hizo siku zote alikuwa anakopa kwa jirani, na jirani alikuwa anataka riba.

Mama hakupiga kelele. Alifungua mkoba akatoa daftari, lile la shule la mistari, kona zimejikunja. Kila jioni alikuwa ameandika tarehe, kiasi, na namba ya ujumbe wa malipo. Akaliweka kwa meza yangu kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na mlango.

"Kijana yangu, mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Lakini pesa yangu naijua."

Tulikaa tukalinganisha daftari na kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari. Malipo manne yalikuwa yamepotea, na jumla yake ilikuwa Sh1,850 kamili. Pesa ilikuwa imefika kwa kampuni vizuri. Shida ni kwamba mfumo wetu ulikuwa unangoja simu ya mteja ithibitishe malipo, na simu ikipoteza mtandao kwa sekunde chache hapo katikati, hakuna mtu aliuliza tena. Iliandika "imeshindwa" na kuendelea na maisha yake. Kwa ofisi yetu yenye waifai ya nguvu, hilo lilitokea mara moja kwa arobaini. Kwa kibanda chake, chini ya mabati, jioni mtaa mzima ukiwa mtandaoni, lilikuwa linatokea kila wiki.

Huyo mdudu nilikuwa nimemshika kwa mkono wangu. Halafu nikamwachilia.

Sasa niambie, shauku yangu ya teknolojia ilikuwa wapi? Ilikuwa hapo hapo. Ijumaa ile nilipenda teknolojia vile nilipenda Alhamisi. Haikumsaidia mama na kitu. Ningekuwa na shauku ya kweli ya testa, ningejiuliza swali moja tu: kama hii imetokea kwangu mara moja, itamtokea nani mara kumi? Ningetoka nje ya ile waifai. Ningepanda gari mpaka mahali mtandao unakatika, nijaribu huko.

Ndiyo maana siku hizi nasema shauku ya testa haina uhusiano na kupenda kompyuta. Ni kukataa kuamini haraka kwamba mfumo uko sawa na mtu ndiye amekosea. Ni ubishi, lakini ubishi wa kumtetea mtu ambaye hayuko kwa chumba.

Ukidhani hayo ni mambo madogo ya mtaa, angalia kile kilitokea Uingereza. Kuanzia 1999, matawi ya posta huko yaliwekewa mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotoka kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha pesa zimepungua kwa matawi ambako hazikuwa zimepungua. Wasimamizi wa matawi, watu wa kawaida wenye maduka ya kijijini, wakaambiwa walipe. Wengi wamesimulia kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wana shida hiyo. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia ya wizi, ulaghai au hesabu za uongo kwa ushahidi uliotegemea mfumo huo. Wengine walifungwa jela. Wengine walifilisika. Wengine walikufa kabla majina yao yasafishwe.

Mahakama ilikuja kuamua Desemba 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kuleta upungufu kama huo. Mwaka wa 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kasoro moja ilijulikana kwa jina la Dalmellington, kijiji cha Uskoti. Msimamizi akithibitisha kwamba amepokea pesa taslimu, skrini inaganda. Akibonyeza tena, mfumo unahesabu kana kwamba amepokea pesa nyingine. Unaona? Mtu kubonyeza mara mbili kwa sababu skrini imeganda. Kitu wewe na mimi tunafanya kila siku.

Mama wa Kawangware na wale wa posta walikutana na sentensi moja: mfumo haukosei. Testa mwenye shauku ni yule akisikia hiyo sentensi tumbo linamkata.

Sasa mabosi, msinifurahie haraka. Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Enhe, si ndio nilisema tunataka vijana wenye shauku!" Ngoja. Ijumaa ile kulikuwa na testa mmoja, apu yenye malipo ya watu, na toleo linatoka usiku. Hakukuwa na hata simu moja ya bei ya chini ya kujaribia. Tulikuwa tunajaribu kwa simu za bei kali ambazo hakuna mteja wetu alikuwa nazo. Hata ningekuwa na moyo wa simba, ningefanya nini na saa moja?

Shauku sio bajeti. Haiwezi kuchukua nafasi ya muda, vifaa na mshahara. Kile kilibadilika baada ya mama kuja hakikuwa hotuba ya kutupa moyo. Tulinunua simu mbili za bei nafuu. Tukaacha kutoa matoleo mapya Ijumaa. Na testa akapewa uwezo wa kusema "hii haitoki" na isitoke. Ukimwambia mtu awe na shauku na hujampa uwezo wa kusimamisha kitu, unamwambia tu aumie polepole. Na wewe kijana, ukienda intavyu wakuulize kuhusu shauku, nawe uliza: nikipata kosa kubwa usiku wa kutoa toleo, nani anaamua? Jibu lao litakuonyesha kama shauku yako itafanya kazi hapo ama itakaushwa.

Kuna rafiki yangu, testa pia, ananicheka nikiongea hivi. Yeye anasema hana shauku yoyote. Anafika saa mbili asubuhi, anafuata orodha yake ya majaribio moja baada ya nyingine, saa kumi na moja jioni anafunga laptopu anaenda kucheza mpira. Na nakubali, ni testa mzuri kuliko wengi wenye kelele. Nidhamu inabeba kazi siku shauku imelala, na shauku hulala sana, usidanganywe.

Lakini nikamuuliza: hiyo orodha yako ilitoka wapi? Nani aliandika "zima data katikati ya malipo"? Nani aliandika "bonyeza mara mbili"? Karibu kila mstari kwa hiyo orodha uko hapo kwa sababu kuna mtu aliumia na mwingine akakataa kusahau. Nidhamu inafuata orodha. Shauku ndiyo inaongeza mstari mpya.

Na sisi hapa Kenya tuna mistari mingi ya kuongeza, kwa sababu programu nyingi tunazotumia zilifikiriwa na watu ambao hawatujui. Jaribu kujiandikisha mahali kama unaitwa Ng'ang'a ama Nyong'o. Kuna fomu zitakuambia jina lako si sahihi kwa sababu ya ile alama ya juu. Jina ulilopewa na nyanya yako, kompyuta inasema halipo. Ama namba za simu: tangu 2019 tuna namba zinazoanza na 01, lakini mifumo mingi ilikuwa imeandikwa ikijua 07 pekee, na wasee wenye laini mpya wakaambiwa namba yao ni feki. Ama saa. Apu ya Kiswahili ikikuandikia miadi ni "saa 2:00 asubuhi", nyanya atafika saa mbili yetu, watu wameanza kufika kazini. Yule aliandika apu alimaanisha usiku wa manane, jogoo hawajawika. Hizo kasoro hazihitaji digrii kuziona. Zinahitaji mtu anayejua watu wake.

Kwa hivyo kama unataka kuingia kazi hii na huna pesa ya kozi, anza na simu uliyo nayo. Chukua apu unayotumia kila siku. Izimie data katikati. Geuza skrini. Weka jina refu. Jaza nafasi na emoji. Ikikosea, andika mambo matatu tu: nilifanya nini, nilitarajia nini, kilitokea nini. Andika vizuri hadi mtu ambaye hakuwepo aweze kurudia. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Usipochoka, ama ukichoka lakini bado unarudi, basi labda hii ni kazi yako. Hakuna haja ya kuandika "nina shauku" kwa wasifu. Peleka zile ripoti.

Mama wa Kawangware alifunguliwa mkopo siku hiyo, na deni likafutwa. Nilimwomba msamaha na nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nimeona hiyo shida mapema nikaiacha. Aliniangalia kwa muda. Halafu akarudisha daftari kwa mkoba, akasema, "Sasa umejua. Na wewe uwe unaandika."

Niko na daftari siku hizi. Ukurasa wa kwanza una ripoti moja, ile niliifunga Ijumaa. Lile neno "haijirudii" nimelikata kwa kalamu nyekundu.

Wewe je? Ni apu gani iliwahi kukuambia umekosea na ulikuwa unajua kabisa hujakosea? Niandikie. Mimi nitakuamini kwanza, halafu tutaangalia mfumo.