Pamba ina safi na fifi, mhadhara je?

Wiki iliyopita nilikuwa Mwamapalala, wilayani Itilima, nyumbani kwa mjomba wangu. Kwa wasiopajua, ni huko Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012; zamani tulikuwa tukihesabiwa Bariadi. Nilimkuta anachambua pamba kabla ya kuipeleka kwenye mizani ya chama cha msingi. Safi huku, fifi kule. Akaniuliza:

"Mjomba, huko chuoni mwalimu akifundisha ovyo mnafanyaje?"

"Tunajaza fomu, mjomba."

"Halafu?"

Hapo nikakosa la kusema.

Ndugu msomaji, kama umepita chuo kikuu bila shaka unaifahamu fomu hiyo. Inakuja mwisho wa muhula, wakati akili yote iko kwenye mitihani. Mhadhiri anaeleweka? Anafika kwa wakati? Weka alama, 1 mpaka 5. Mimi niliijaza miaka mitatu. Kuna somo ambalo mhadhiri alionekana mara nne muhula mzima, kwingine kote tukajisomea fotokopi za waliotutangulia. Tuliandika yote hayo. Mwaka uliofuata wadogo zetu wakamkuta yule yule, na fotokopi zile zile.

Sisemi kwamba hakuna usimamizi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na meno inayo: Julai 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Lakini mkaguzi anakuja na kuondoka. Anayejua kama kipindi cha Jumatatu saa mbili asubuhi kilifanyika ni mwanafunzi aliyekuwa amekaa darasani akisubiri.

Wapo watakaosema mwanafunzi huridhika na mhadhiri anayegawa A kama njugu. Ni kweli, nimewaona. Ndiyo maana nasema tusimuulize kama amefurahi. Tumuulize mambo yanayohesabika: vipindi vingapi vilifanyika? Kazi yako ilirudishwa ikiwa imesahihishwa? Tena aulizwe katikati ya muhula, ili yule anayelalamika ndiye anufaike. Kisha majibu, pamoja na hatua iliyochukuliwa, yabandikwe ubaoni kila mtu asome. Fomu isiyojibiwa humfundisha mwanafunzi jambo moja tu: kunyamaza.

Na hili si suala la kudeka. Mhitimu aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mimi ni mmoja wao. Kila mwezi nalipia na zile wiki ambazo mhadhiri hakutokea!

Kabla sijaondoka nilimuuliza mjomba ingekuwaje kama angechanganya fifi na safi kwenye gunia moja. Akacheka. "Wananirudishia pale pale mizanini, mbele za watu." Binti yake anasubiri kuanza chuo, na ng'ombe wawili wameshauzwa kwa ajili hiyo. Sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba kule anakompeleka mwanawe, mizani husomwa baada ya gunia kuondoka.

Wenzangu mliosoma na mnaoendelea kusoma, fomu zenu ziliwahi kujibiwa? Naomba kutoa hoja.